Mtandao Usioonekana: Ubadili Ruta, Utaje Nchi, au Ununue Kadi Nyingine?

Ruta ilikuwa juu ya kabati la vyombo, katika sebule ya nyumba ya wageni iliyoko Raskazone, Tanga, na taa zake zote ziliwaka kama inavyotakiwa. Simu ya mwenye nyumba iliuona mtandao, na yangu pia, lakini kompyuta mpakato ya mgeni aliyeketi hatua nne kutoka kwenye kabati hilo haikuonyesha hata jina lake, ilhali iliorodhesha mitandao mitano ya majirani, mingine ikitoka ng'ambo ya barabara. "Mwanangu," mwenye nyumba aliniambia huku akiipangusa ruta vumbi kwa pindo la kanga, "ikiwa simu zinaona na kompyuta haioni, basi hiyo kompyuta mbovu." Nikamjibu, "Si mbovu, mama. Imekatazwa kusikiliza huko mtandao ulipo."

Nilipofungua ukurasa wa mipangilio ya ruta niliikuta iko chaneli ya 13. Ililetwa na ndugu yake kutoka Uingereza, ambako chaneli hiyo hutumika kama nyingine zote, ikaachwa ijichagulie chaneli yenyewe. Kompyuta nayo ilinunuliwa ya mtumba, ikiwa imetengenezwa kwa soko la Marekani, ambako hesabu ya kawaida ya chaneli huishia 11. Aliyewahi kutafuta nyumba ya mtu Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, atalielewa jambo hili upesi. Ukimtuma kijana apeleke mzigo barabara ya 13 huku orodha uliyomwandikia inaishia barabara ya 11, atarudi na mzigo na kukuambia kwamba nyumba haipo, wala hatakuwa amekudanganya.

Anayekutwa na tatizo hili ana njia tatu za halali: kuihamisha ruta kwenye chaneli inayosikika na wote, kuieleza kompyuta kwamba iko Tanzania, au kuibadili kadi ya Wi-Fi. Ipo na njia ya nne, ya kuitajia kompyuta nchi ya uongo, ambayo husambazwa sana na ambayo nitaeleza kwa nini siipendekezi. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: mwenye ruta aanze na ruta, kutaja nchi kufuate baadaye na kwa uangalifu mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na kadi mpya inunuliwe na yule ambaye ruta si yake.

Kinachozuiwa hasa

Katika masafa ya gigahezi 2.4, kitovu cha chaneli ya 1 kiko megahezi 2,412, na kila chaneli inayofuata husogea megahezi 5, hivyo chaneli ya 11 iko 2,462 na ya 13 iko 2,472. Mawasiliano ya kawaida huchukua upana wa megahezi 20, yaani megahezi 10 kila upande wa kitovu. Orodha ya Marekani iliyomo katika hifadhidata ya kanuni ambayo Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows ilivyo) huitumia inaishia megahezi 2,472. Chaneli ya 11 hufika hapo hapo na kutosha, lakini ya 12 ingevuka hadi 2,477, kwa hiyo inafungwa, na ya 13 pamoja nayo. Orodha za nchi zinazoruhusu chaneli 13 hufika 2,482 au zaidi kidogo. Kompyuta haina chuki na mtandao wako. Inafanya hesabu ya kujumlisha na kutoa, kisha inaifuata.

Kila chaneli huwa katika mojawapo ya hali tatu. Ikiwa wazi kabisa, kadi huruhusiwa kubisha hodi: hutuma ujumbe mfupi wa kuuliza ni nani aliyepo, hungoja majibu kwa muda mfupi, kisha huhamia chaneli nyingine. Ikiwa imefungwa, kadi haikanyagi kabisa, na mtandao ulioko huko ni kama haupo. Kati ya hizo mbili ipo hali ya tatu, ambayo ndiyo inayowachanganya wengi: kadi huruhusiwa kusikiliza, lakini hairuhusiwi kuanza kusema. Ruta nyingi hutangaza jina lake kila baada ya milisekunde 102.4, hivyo kadi inayosikiliza tu hulazimika kutulia katika kila chaneli kwa zaidi ya milisekunde 100 ili isilikose tangazo hilo. Ndiyo maana mitandao ya gigahezi 5 huchelewa kujitokeza katika orodha, na wakati mwingine huonekana, hutoweka, kisha huonekana tena bila mtu kugusa kitu.

Hapo pana jambo la kuangalia kwa wale wanaoficha jina la mtandao wao wakiamini kwamba wanajilinda. Mtandao uliofichwa jina hautambuliki mpaka mtu aubishie hodi kwa jina lake. Ukiwa katika chaneli ambayo kadi imekatazwa kubisha hodi, kadi hiyo haiwezi kuupata, hata kama jina na neno la siri umeviandika sawasawa. Liache jina lionekane, na ulinzi uuweke kwenye neno la siri refu.

Kompyuta ya Linux ambayo haijaambiwa iko nchi gani hutumia kanuni za tahadhari za dunia nzima, zinazoandikwa kwa tarakimu 00. Kwa kanuni hizo, chaneli za 1 hadi 11 ziko wazi, za 12 na 13 ni za kusikiliza tu, na za gigahezi 5 nazo ni za kusikiliza tu mpaka pasikike ruta. Maana yake ni kwamba kompyuta isiyojua iko wapi husikia mengi kuliko kompyuta inayoamini kwamba iko Marekani. Mafundi wengi huona 00 na kudhani ndiyo ugonjwa wenyewe, kumbe mara nyingi ugonjwa ni kadi iliyozaliwa na nchi ya mbali ndani ya chipu yake.

Chaneli za 52 hadi 64 na 100 hadi 144 zina mzigo wa ziada, kwa sababu masafa hayo yanatumiwa pia na rada. Ruta inayotaka kuingia humo hutakiwa kusikiliza kwanza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kutangaza jina, na ikisikia rada baadaye hutakiwa kuihama chaneli hiyo na kutoirudia kwa dakika 30. Nimeulizwa zaidi ya mara moja hapa Tanga kama kisa ni rada za meli zinazoingia bandarini. Rada za meli hufanya kazi karibu na gigahezi 3 na gigahezi 9, mbali na masafa ya Wi-Fi. Zinazohusika hapa ni rada za hali ya hewa na nyingine zilizomo katika gigahezi 5.

Kabla ya kuchagua, hakikisha

Si kila mtandao usioonekana umezuiwa na kanuni. Nimewahi kukaa na kijana mmoja Chumbageni aliyebadili nchi mara tatu katika kompyuta yake akiutafuta mtandao wa gigahezi 5, na adapta yake ndogo ya USB ilikuwa ya gigahezi 2.4 peke yake. Hakuna nchi duniani ambayo ingemsaidia. Katika Linux, amri ya `iw list` huonyesha kadi inaweza nini: ikiwa haina sehemu ya pili ya masafa, yaani chaneli zinazoanzia megahezi 5,180, basi suala ni la chipu. Ikiwa chaneli ipo lakini pembeni yake pameandikwa `disabled`, imefungwa kwa kanuni. Pakiandikwa `no IR`, ni ya kusikiliza tu. Amri ya `iw reg get` hutaja nchi inayotumika kwa sasa. Katika Windows, `netsh wlan show networks mode=bssid` hutaja chaneli ya kila mtandao unaosikika; ukiona kwamba hakuna hata mmoja ulio juu ya chaneli ya 11 ilhali simu inaiona mitandao ya chaneli ya 12 au 13, umekwisha kupata jibu.

Simu huonekana kuwa na akili zaidi kwa sababu nyingi hujua nchi kupitia mtandao wa simu wenyewe, ambao kwa Tanzania hujitambulisha kwa namba 640. Kompyuta mpakato ya kawaida haina laini, hivyo haina wa kuiambia.

Kuihamisha ruta

Njia hii haina gharama, huchukua dakika tano, na humfaa kila anayefika mahali hapo, akiwemo mgeni ambaye hutawahi kuigusa kompyuta yake. Unaingia katika mipangilio ya ruta, unaondoa uchaguzi wa chaneli wa kujiendesha, na kuweka 1, 6 au 11 katika gigahezi 2.4, yoyote kati ya hizo ambayo majirani hawajaijaza. Kuondoa uchaguzi wa kujiendesha ndilo jambo kubwa, kwa sababu ruta nyingi huchagua upya kila zinapowashwa. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, mtandao uliokuwa chaneli ya 6 jana unaweza kuamka ukiwa 13, na malalamiko yakaanza tena bila mtu kukumbuka kisa.

Hasara yake ipo, na ni halali kuitaja. Katika mtaa wenye msongamano wa ruta, chaneli za 1, 6 na 11 ndizo zinazogombaniwa, na 13 huwa na utulivu kwa sababu hiyo hiyo ya kukwepwa. Mtu anayeishi peke yake, mwenye vifaa vitatu ambavyo vyote vinaisikia chaneli ya 13, hana sababu ya kuihama. Lakini nyumba ya wageni, maabara ya shule, zahanati au mgahawa haziwezi kujua mteja wa kesho atakuja na kifaa gani.

Katika gigahezi 5 uchaguzi ni mgumu zaidi. Chaneli za 36 hadi 48 hazina masharti ya rada, na karibu kila kifaa cha gigahezi 5 kina uwezo wa kuzitumia. Chaneli za 149 hadi 165 husikika na vifaa vya soko la Marekani bila shida, lakini ruta nyingi zilizotengenezwa kwa Ulaya hazizitoi kabisa. Kwa ruta inayotumiwa na watu mchanganyiko mimi huweka 36 au 44, na huacha gigahezi 2.4 ifanye kazi sambamba kwa ajili ya vyumba vya mbali. Zile nyumba za zamani za mjini zenye kuta nene za mawe ya matumbawe huyadhoofisha mawimbi ya gigahezi 5 mno, na hapo gigahezi 2.4 ndiyo inayomfikia mtu wa chumba cha nyuma.

Kuna faida nyingine ya kuanzia kwenye ruta ambayo haionekani kwa macho. Tangu nyongeza ya 802.11d katika viwango vya Wi-Fi, ya mwaka 2001, ruta inaweza kutaja nchi ndani ya tangazo lake, pamoja na chaneli na nguvu zinazoruhusiwa, na vifaa vinavyosikiliza hutumia taarifa hiyo kujielekeza. Ukiiweka ruta yako nchi sahihi, unawaelekeza na wapita njia; ukiiacha ikitangaza Marekani katikati ya Makorora, unaweza kuwapoteza majirani ambao hata hamjuani. Kwa hiyo unapobadili chaneli, angalia na sehemu ya nchi katika ukurasa huo huo. Ruta zinazoendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa ruta, huiandika kama `option country 'TZ'`.

Kuitajia kompyuta nchi

Njia hii pia ni ya bure, lakini humfaa mwenye kompyuta hiyo moja tu, na matokeo yake hutegemea kadi kuliko watu wanavyodhani. Katika Linux, amri ya `sudo iw reg set TZ` huomba kanuni za Tanzania, na ombi hilo hupotea kompyuta ikizimwa. Ili lidumu, mstari wa `options cfg80211 ieee80211_regdom=TZ` huwekwa katika faili moja ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Katika Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ambayo mara nyingi huizima Wi-Fi kabisa mpaka nchi itajwe, `raspi-config` ndiyo njia rahisi. Maelekezo ya zamani yanayomtaka mtu ahariri faili ya CRDA, programu iliyokuwa ikiipelekea Linux kanuni hizo, yamepitwa na wakati, kwa kuwa tangu Linux 4.15, iliyotoka Januari 2018, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaweza kuisoma hifadhidata yenyewe moja kwa moja, kutoka katika faili iitwayo `regulatory.db`. Ikiwa ripoti za kerneli zinalalamika kwamba faili hiyo haikupatikana, kifurushi cha `wireless-regdb` hakijawekwa, na kutaja nchi yoyote hakutazaa matunda mpaka kiwekwe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifundisha uangalifu. Katika kompyuta moja niliyokuwa nikiitayarisha, yenye kadi iliyokuwa ikitumia 00, mtandao wa gigahezi 5 uliokuwa chaneli ya 36 ulionekana vizuri, ingawa kwa kuchelewa. Nikataja TZ nikitarajia kwamba mambo yatafunguka zaidi. Chaneli za 12 na 13 zilifunguka kweli, lakini mtandao wa chaneli ya 36 ukatoweka papo hapo. Nilipoitazama orodha ya TZ iliyokuwa katika hifadhidata ya kompyuta hiyo, nilikuta mistari miwili tu: mmoja wa megahezi 2,402 hadi 2,482 kwa nguvu ya dBm 20, ambayo ni sawa na miliwati 100, na mwingine wa 5,735 hadi 5,835. Mstari wa pili hubeba chaneli za 149 hadi 165 na hakuna nyingine. Chaneli ya 36, yenye kitovu cha 5,180, haimo. Kompyuta ilitii, na mimi ndiye niliyeipunguzia mitandao.

Weka picha hiyo kando ya ile ruta ya kutoka Uingereza, ambayo katika gigahezi 5 ilitoa chaneli za 36 hadi 64 na 100 hadi 140. Ruta inasema katika nusu moja ya masafa, kompyuta inasikiliza katika nusu nyingine, na hazitakutana kamwe, ingawa kila moja ni nzima na kila moja imefuata orodha iliyopewa. Anayetaka kutaja TZ aitazame kwanza orodha hiyo kwa `iw reg get` mara tu baada ya kutaja, kabla hajaandika chochote cha kudumu. Ikumbukwe pia kwamba hifadhidata hiyo hutunzwa na watu wa Linux kutokana na nyaraka wanazozipata. Mwenye kauli juu ya masafa hapa nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Faili ya hifadhidata husainiwa kidijitali, hivyo kuihariri kwa mkono ili kuongeza mstari hakufui dafu katika mifumo mingi.

Kisha kadi zenyewe. Kadi za Atheros zinazotumia draiva (programu inayoiongoza kadi) ya ath9k au ath10k huwa na namba ya nchi au ya ukanda iliyoandikwa kiwandani ndani ya kumbukumbu ya chipu. Namba hiyo ikiwa sifuri, draiva huichukulia kadi kama ya Marekani. Ukitaja TZ juu yake, matokeo huwa makutano ya orodha zote mbili, yaani kile tu ambacho Marekani na Tanzania wanakubaliana, na `iw reg get` huweza kukuonyesha nchi ya ajabu iitwayo 98, ambayo ndiyo alama ya makutano hayo. Kwa hesabu hiyo chaneli ya 13 itabaki imefungwa, kwa kuwa upande mmoja umeikataa. Huwezi kuongeza kwa kutaja. Unaweza kupunguza tu. Hii ndiyo sababu watu wawili hufuata maelekezo yale yale, mmoja akafaulu na mwingine akaona hakuna kilichobadilika.

Kadi za Intel zina tabia nyingine. Nyingi kati ya zile zinazotumia draiva ya iwlwifi hujitawala: programu ya ndani ya kadi husikiliza ruta za jirani, hukisia iko nchi gani, na kuamua chaneli yenyewe. Katika `iw reg get` utaona neno `self-managed` pembeni ya jina la kadi, na `iw reg set` haitaigusa. Zamani palikuwa na kigezo cha `lar_disable` cha kuuzima utaratibu huo, lakini kiliondolewa katika kerneli za baadaye, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukikitafuta. Kwa kusikiliza mitandao, kadi hizi hufanya vyema, kwa sababu hujirekebisha zenyewe. Kero yake kubwa ni pale unapotaka kompyuta yenyewe iwe hotspoti ya gigahezi 5, jambo ambalo mara nyingi hukataliwa.

Mwenye Windows hana mengi ya kuchagua hapa. Kadi nyingi hazimpi mahali pa kuandika nchi, na uamuzi hubaki kwa draiva na kwa kile ambacho kadi husikia kutoka kwa ruta za jirani.

Kununua kadi nyingine

Njia hii ina gharama, nayo ina maana kwa mtu mmoja hasa: yule ambaye mtandao anaouhitaji unasimamiwa na mtu mwingine asiyefikika au asiyekubali kuubadili. Mwanafunzi wa bweni, mpangaji, au mfanyakazi wa ofisi yenye mtaalamu wake wa mtandao jijini Dar es Salaam hawezi kuingia kwenye ruta, na ikiwa kadi yake imefungiwa Marekani tangu kiwandani, kutaja nchi hakutamvusha.

Kati ya kubadili kadi ya ndani na kununua adapta ya USB, mimi huegemea adapta. Kadi ya ndani hukaa vizuri na haing'ang'anii tundu, lakini inahitaji kufungua mashine, na baadhi ya kompyuta za zamani hukataa kuwaka zikikuta kadi isiyokuwamo katika orodha ya mtengenezaji. Adapta unaichomeka, unaijaribu dukani mbele ya muuzaji, na unaweza kuihamishia kompyuta nyingine. Jaribio la dukani lisiwe la kuona tu kama taa inawaka: washa hotspoti ya simu ya gigahezi 5 na uone kama adapta inaisikia, kisha endesha `iw list` uone chaneli za 12 na 13 ziko katika hali gani.

Kwa Linux, adapta zenye chipu ya MediaTek ya mt7612u zina draiva ndani ya kerneli yenyewe na hutii nchi iliyotajwa katika mfumo. Adapta nyingi za Realtek za bei nafuu, hasa kwenye kerneli za zamani, hutegemea draiva inayopakuliwa nje ya kerneli, ambayo hulazimika kujengwa upya kila kerneli inapobadilika, na baadhi ya draiva hizo zina kigezo chake cha nchi, `rtw_country_code`, kisichosikiliza unachoandika kwingine. Tofauti ya bei inaweza kuonekana kubwa siku ya kununua, lakini kama kompyuta hiyo inatunzwa na mtu asiye fundi, ile yenye draiva ndani ya kerneli ndiyo itakayompa usingizi.

Kuhusu nchi ya uongo

Wapo wanaoshauri kuandika BO, yaani Bolivia, au nchi nyingine ambayo wanaamini orodha yake inaruhusu nguvu kubwa zaidi, ili kufungua chaneli na kuongeza umbali. Kwa kadi za Intel na za Atheros nilizozieleza, uongo huo hauongezi chochote. Kwa kadi zinazoutii, unaweza kuiruhusu kompyuta ibishe hodi mahali ambapo sheria ya hapa haijairuhusu, na kosa hilo huwa la mwenye kompyuta, hata kama amri aliinakili kwa mtu. Umbali nao hauongezeki kwa namna watu wanavyotarajia: ukiipandisha ruta kutoka miliwati 100 hadi wati 1, simu iliyoko uani itaisikia vizuri zaidi, lakini sauti ya simu hiyo itabaki ile ile ndogo, na ruta haitaisikia. Mazungumzo huhitaji pande mbili. Anayetaka mtandao ufike uani aihamishe ruta kutoka nyuma ya kabati la chuma, au aongeze ruta ya pili kwa waya.

Nani achague nini

Mwenye nyumba ya wageni, duka, shule au msikiti wenye ruta yake hana haja ya kusumbuka na draiva za watu: aandike nchi sahihi, afunge chaneli ya 1, 6 au 11, aweke 36 au 44 kwa gigahezi 5 ikiwa ruta bado inazitoa baada ya kutajiwa nchi, asifiche jina. Mwenye kompyuta ya Linux anayesafiri nayo kati ya Tanga, Muheza na Pangani, na ambaye kadi yake iko 00 na inasikia mitandao yote anayoihitaji, aiache 00 ilivyo, kwa kuwa kutaja TZ kunaweza kumnyima chaneli za chini za gigahezi 5. Ataje TZ ikiwa anahitaji chaneli ya 12 au 13 bila kusubiri, au ikiwa anataka kompyuta yake iwe hotspoti katika chaneli za 149 hadi 165. Mwenye kadi iliyofungiwa Marekani, asiyeweza kuifikia ruta, ndiye anayestahili kutoa fedha mfukoni.

Katika ile nyumba ya Raskazone niliiweka ruta chaneli ya 6 na 36, nikaifunga isijichagulie tena. Kompyuta ya mgeni ililionyesha jina la mtandao kabla sijainuka kwenye kiti. Mwenye nyumba aliniomba nimwandikie namba hizo mbili kwenye karatasi, akaibandika kwa gundi upande wa ndani wa mlango wa kabati la vyombo, ili siku ruta itakapobadilishwa, atakayekuja kufunga nyingine azikute.